Mishubiri Juu ya Tembe la Mama

Jumatatu, 5 Oktoba 1992

Nimemwagilia mimea juu ya paa bapa la udongo kabla ya kwenda kufundisha. Maji ya kuoshea vyombo, kwa kopo, kidogo kidogo. Mishubiri ukiidekeza inaoza. Ile mimea mingine mifupi yenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga imeshikana sasa, udongo hauonekani. Mbuzi wa Mama Neema kapanda juu tena. Mishubiri hali, ni michungu, ila anakanyaga. Nimemshusha kwa ufagio.

Ofisi ya walimu imeezekwa bati. Mchana tumeiva wote. Mwalimu wa jiografia kavua viatu mbele ya mkuu wa shule, na mkuu akatamani kufanya vivyo hivyo.

Nyumbani, nikaingia chumbani kwa mama. Ubaridi. Kipimajoto nilichoazima maabara kinasema hivyo, lakini sikihitaji. Mama alikuwa amelala, khanga hadi mabegani. Mwaka jana majira haya nilimkuta sakafuni, presha imepanda, anahema. Daktari akasema joto litamwua kabla ya chumvi. Ndiyo sababu ya paa hili.

Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya kanisa kaja Yona, mdogo wangu. Tangu biashara iwe ruksa anauza bati na misumari sokoni, na kila anachokitazama anaona kinahitaji bati. Alikaa kwa mama akapangusa jasho ambalo halikuwepo. Eti tembe letu ndilo la mwisho mtaa huu wa Chang'ombe. Eti watu wanauliza kama watoto wa mama walishakufa wote.

Nikamweleza tena. Boriti tulibadilisha. Nailoni ipo chini ya udongo, paa halivuji. Udongo na majani yale manene yanapokea jua kabla halijafika ndani. Akanijibu, "Dada, wenzako wanakwenda mbele, wewe unapanda magugu juu ya nyumba."

Mama alikuwa anachambua mlenda, kimya. Yuko upande wangu. Mama asipotaka kitu husema.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mama kanishangaza. Anataka mimea zaidi! Kuna mmea wa kwao Kibakwe, unaota kwenye majabali, majani yake hugeuka mekundu kiangazi. Anasema upande wa mlangoni paa limebaki wazi. Niende nikamletee wiki ijayo, shule ikiwa mapumziko.

Nimesonga ugali nikiimba. Mama hajawahi kuniomba kitu.

Jumatano, 21 Oktoba. Kibakwe

Mjomba kanipeleka majabalini asubuhi. Nimeng'oa taratibu, pamoja na mizizi, nikafunga kwenye gunia bichi. Alicheka sana: mwalimu mzima, safari yote hii, kufuata majani ambayo hata mbuzi hayataki. Nikamwambia mama ndiye kaagiza. Akaacha kucheka. Anasema dada yake aliyachukia mno majani haya. Walipokuwa wadogo yeye ndiye aliyepanda juu ya tembe kuyang'oa.

Uzee, nimewaza. Mtu akizeeka hupenda alivyovichukia.

Ijumaa, 23 Oktoba. Gulwe

Stesheni. Treni imechelewa, hakuna anayejua imekwama wapi. Gunia nimelilaza kivulini, mimi niko juani. Namwaza mama atakavyofurahi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Bati.

Nimeliona tangu mwanzo wa mtaa, linawaka. Nikadhani nimekosea njia. Udongo wangu ni chungu kando ya choo, mishubiri imetupwa juu yake, mizizi inatazama jua.

Majirani walikuwa wanamalizia pombe. Wale wale. Mwaka jana niliwapikia pombe ya mtama wakaupandisha udongo kwa makarai. Leo Yona kawapikia wakaushusha. Mama Neema kaimba mara zote mbili. Hakuna aliyenitazama usoni. Mmoja akaninyooshea kata ya pombe. Sikupokea. Gunia lilikuwa bado begani.

Nimemtukana Yona mbele ya watu, matusi ambayo sikujua kama ninayo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Muulize mama nani kanituma."

Siandiki zaidi.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimemuuliza. Hakukana.

Amekuwa akimwomba Yona bati tangu Pasaka. Wiki kaichagua yeye. Kibakwe kaifikiria yeye, kwa sababu ni mbali. Siku ile nasonga ugali nikiimba, alikuwa kaketi pale pale ananisikiliza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Naifundisha darasani kila mwaka. Nilidhani inahusu maadui.

Akasema, "Esta, wewe unahangaika nisife. Mimi nitakufa tu, mwanangu. Siku hiyo watu watakuja kunililia. Sitaki wakae chini ya udongo wananong'ona kwamba nilizaa bure. Nataka wanililie chini ya bati."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenieleza," akasema.

Neno hilo limeniuma kuliko bati. Nimelia kama mtoto, chooni, ambako wala hakuna nafasi ya kulilia.

Jumatano, 4 Novemba

Shikamoo, marahaba. Basi. Chakula naweka mezani naondoka.

Joto la mwaka huu ni la kishetani. Bati linaanza kulia asubuhi, ta, ta, linavyotanuka. Mama anajipepea na mfuniko wa sufuria. Sisemi kitu. Alitaka nisimweleze.

Gunia nililitupa nyuma ya jiko siku ile. Leo nimelifungua nikitegemea uozo. Mimea mizima, imeanza kutoa mizizi ndani ya gunia. Hata kufa haitaki. Nimeipanda juu ya paa la jiko, lile dogo la udongo ambalo Yona hakuona haja ya kuligusa. Na mishubiri iliyopona nimeiokota kando ya choo nikaipeleka huko. Nimefanya kwa hasira.

Jumapili, 8 Novemba

Mchana mama kaja jikoni kutafuta chumvi. Daktari kamkataza chumvi. Kaketi chini, kaegemea ukuta, kaitafuta chumvi hiyo hadi saa kumi.

Jumatatu, 9 Novemba

Leo kibiriti.

Jumanne, 17 Novemba

Leo hakutafuta chochote. Kaja na mkeka wake, kautandika karibu na mafiga, kalala. Moshi unamkereketa, anakohoa usingizini, lakini haamki. Juu yake ile mimea ya Kibakwe imeanza kushikana.

Alasiri walikuja wageni wa kanisani. Kaamka haraka, kafunga khanga vizuri, kawapokea chini ya bati. Wakalisifia paa. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na yeye anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli. Walipoondoka alirudi kwenye mkeka.

Sijamsamehe. Naandika hivyo ili siku nikisoma nisijidanganye.

Jioni nimehamisha mafiga. Jiko nimelifagia, nimetoa majivu yote. Kuanzia kesho napikia nje, juani.