Somo Lililokosa Mwalimu

Chumba cha kushonea,
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu sote. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unawanyima majirani usingizi kwa kukoroma? Huku tunapumua. Shemeji yako yuko na mabomba yake, mimi na cherehani yangu, na ule mguu unaniuma bado.

Kaka, habari za mpwa wako si nzuri. Chuo kimemkataa kusomea ufamasia.

Najua utashangaa, maana ulisikia vigelegele vyetu kwenye simu matokeo yalipotoka. Kemia amefaulu sana, na biolojia ndiyo usiseme. Lakini chuo kinataka na fizikia, naye hana. Hakuanguka, kaka, hakuifanya kabisa. Mwalimu wa fizikia alihama, na mkuu wa shule akaona heri aliondoe somo kuliko kuharibu wastani wa shule. Darasa zima likahamishiwa kilimo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulishangilia alama, masomo yenyewe hatukuyauliza.

Shemeji yako alikwenda shuleni kwa hasira, na buti zake za kazi zimejaa tope. Mkuu akamkaribisha kiti vizuri tu, akamwonyesha kombe walilopewa kwa kufaulisha. Tena mtoto wetu yumo kwenye picha ya kombe hilo, anacheka. Mume wangu alirudi, akakaa kizingitini akikwangua tope la buti zake.

Wamempa nafasi ya kusomea misitu. Hajakubali wala hajakataa. Anashinda uani anafua nguo ambazo ni safi. Nikimwita anaitika kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayoniumiza. Afadhali angegombana nami.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni mdogo wake. Yuko shule hiyo hiyo, mwaka huu darasa lao linachagua masomo, na mwalimu wa fizikia bado hajapatikana. Unamjua yule kwa maneno: leo rubani, kesho hakimu. Jana, nikitia uzi kwenye sindano, nikamtania, safari hii unataka kuwa nani?

Akaniambia, "Mama, mimi sitaki kitu. Dada alitaka."

Nisalimie wifi na wale mapacha. Mama anakuombea kila siku, nami naitikia amina. Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko unavyostahili.