Lavelle Kwenye Kiti Changu

Renita, shosti, leo nilitaka ardhi inimeze!

Yule mama anayekagua kampuni za wanawake katokea bila taarifa. Si unajua, bila cheti chake cha kuthibitisha bosi ni mwanamke, jiji la Memphis halinipi kazi ya kuezeka zile shule.

Anaingia ofisini, mimi nyuma yake, anamkuta nani? Mume wangu! Kwenye KITI CHANGU! Miguu mezani, anatafuna mbavu za nguruwe!

KITI CHANGU, Renita!

"Kumbe bosi ni wewe?" mama akamuuliza.

Nikajisemea: Cheti kwaheri.

Lavelle akafuta mchuzi mdomoni, akanigeukia taratibu: "Mke wangu, nimjibu, au bado umenikataza kuongea na wakaguzi?"

Mama akacheka mpaka machozi, akafunga faili.

"Basi. Bosi nimeshamwona."