Picha za Sahani za Wenzako

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya shule ya msingi.
Jumatatu, 10 Machi.

Mpendwa mwanangu Ukoko,

Hujambo huko ugenini? Unalala vizuri? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha, au bado unakificha kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima. Bibi yako goti linamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa, na anakusalimu. Mimi naamka, nafagia, naenda kushona sare za watu, narudi. Siku zinakwenda.

Nimekuita kwa jina la utotoni. Wewe na marehemu kaka yako, mwanangu wa kumzaa, mlikuwa mkigombania ukoko wa wali mpaka mpini wa sufuria ukang'oka. Wewe ulikuwa unaulamba kwanza, naye anakuachia kwa kinyaa. Siku hizi naukwangua mwenyewe na kuwamwagia kuku.

Sasa nisikilize. Jana tulikuwa kwa kaka yangu, baba yako. Simu yake ilizungushwa kwa kila mgeni, na ndani yake picha ya chakula chako: sahani imejaa, nyama, mboga, tunda pembeni. Baba yako kifua mbele. "Kijana wangu hasumbui," akasema. "Hajaomba kitu tangu aende, na bati za nyumba hii analeta yeye, kwa posho ya masomo." Watu wakapiga makofi.

Simu ilipofika kwangu, nikaona kando ya sahani mkono umeshika uma. Mkono wenye kucha ndefu nyekundu. Wewe tangu lini, mwanangu, unapaka kucha rangi?

Sijawahi kukueleza nilichokikuta nilipokuja mji huohuo unakosoma kukusanya vitu vya kaka yako. Hapa nyumbani hakuna aliyeniuliza; walitaka tu kujua kama koti lake zuri limerudi. Jirani yake wa bweni alinipeleka kwenye kantini ya wanafunzi, akawa ananitafsiria. Mpishi aliposikia anatajwa yule kijana mrefu, akacheka. "Mpiga picha wetu! Alikuwa anazunguka meza akipiga picha sahani za wenzake. Tukawa tunamtania, bosi, mgahawa unafungua lini? Yuko wapi siku hizi?" Jirani akamwambia mimi ni nani, na kwa nini nimekuja. Mpishi akaweka upawa chini. Kisha akaushika tena, akanijazia sahani mpaka mchuzi ukamwagika. Nilikula yote, mwanangu. Nilikula kwa hasira, nimesimama.

Picha hizo zote alikuwa ametutumia sisi, pamoja na posho yake. Ukoo mzima ulizishangilia, na mimi nikiwa mbele. Daktari alisema ni mapafu, lakini akasema pia kwamba mwili haukuwa na akiba ya kupigana.

Basi shika haya, niliyofundishwa na yule jirani. Sokoni nenda wauzaji wanapoanza kufunga. Nyanya zilizobonyea na ndizi zenye madoa hawapendi kurudi nazo. Maharage loweka, uchemshe sufuria kubwa. Ukiyachoka badilisha viungo, usikimbilie biskuti. Mayai yasikose chumbani. Kantini kula mchana, wakati chakula ni kingi na mpishi hajachoka, na umwambie "ongeza". Kusema ongeza si aibu. Pika na wenzako kwa zamu, maana anayekula peke yake hana wa kumuuliza mbona leo hujala. Na chai si chakula, hata uitie sukari kiasi gani.

Jana nilimwambia baba yako mbele ya wageni wake: "Huo si mkono wa mwanao. Na hizo bati ni tumbo lake." Akanijibu, "Dada, sasa kila sahani wewe unaiona ya matanga?" Wengine wakatazama chini. Mmoja akacheka. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Mafundi wa bati hajawasimamisha. Ninapoandika nawasikia ng'ambo ya uwanja wakipigilia misumari. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba ukiacha kutuma, watu wa nyumbani watakuelewa. Hawatakuelewa. Watasema umebadilika, ugeni umekulevya, shangazi amekuharibu kichwa. Waache waseme, na lawama yote niangushie mimi. Kaka yako walimsifu haohao, na matangani walikula wakaongeza.

Acha kutuma, mwanangu. Nyumba ya baba yako ilikuwa na nyasi juu miaka yote, na mvua haijamuua mtu humo.

Msalimie yule jirani ukimwona, mwambie bado namkumbuka. Dada yako anakusalimu na anauliza kama umenenepa, nimemwambia asubiri. Baba yako hajui kama naandika, kwa hiyo salamu zake sina. Mungu akujalie hamu ya kula, na mtu wa kukaa naye mezani.

Picha usinitumie tena. Nipigie simu ukiwa unakula, wala usiongee. Nataka nikusikie ukitafuna.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Shangazi