Pumzi kwenye Spika za Maktaba

Jumatatu, 3 Machi
Maktaba imekamilika. Viti, vigae, spika kumi na nane darini — zote kwa pesa ya jasho langu, halafu Meya ndiye atakayekata utepe Jumamosi. Haya. Mimi nimebaki na kilicho bora: sauti. Kila tangazo humo ndani litatolewa na marehemu mke wangu. Masikio, fundi wangu wa sauti tangu kampuni yetu ya matangazo ikiwa chumba kimoja, ameokota maneno yake kwenye matangazo yetu ya zamani ya redio akayaunga. "Wapendwa" limetoka kwenye sabuni. "Baada ya" kwenye vidonge vya kichwa. "Itafungwa" kwenye duka la samani. Husikii mshono.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kapiga simu. Nimtoe mama yake kwenye spika, la sivyo Jumamosi nisimtarajie, wala sikukuu, wala nikiugua. Nikamuuliza mtangazaji gani mwingine mjini alilipwa kama mama yake. Akajibu polepole, "Redioni ulimkata pumzi, baba. Mezani ukamkatiza maneno."
Ni kazi! Redio inauza sekunde. Msemaji anapovuta hewa, unakata. Nusu dakika ina pumzi sita, saba — ziondoe, bei ya bidhaa inatajwa mara mbili. Ndivyo nilivyowapiku washindani wenye ofisi za zulia. Yeye alidhani ada yake ya shule inadondoka kutoka wapi?

Jumatano, 5 Machi
Mkutubi, mama makini asiyecheka ovyo, anasema tangazo la majaribio limemgusa. Hasa pale marehemu anapovuta pumzi kabla ya kuanza.
Nikamwambia hakuna pumzi pale. Akaniitikia, "Sawa, mzee," kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekaa ukumbini mwenyewe. Jua bado kali madirishani. Kabla ya "Wasomaji wapendwa" — nimeisikia. Hewa ikiingia, kisha ulimi ukigusa meno. Hivyo hivyo alivyofanya kwenye chakula akitaka kusema jambo, na mimi nikiwa katikati ya hesabu zangu.
Masikio akaja na kompyuta. Kanionyesha rekodi. Mstari wa sauti umelala, bapa kabisa. "Bosi, hapa ni kimya." Akafunga kompyuta. Hakutania. Na huyu hutania hata msibani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamuru sauti ifutwe, iwekwe kengele ya kawaida. Nikampigia binti yangu, nikamwambia nimekubali. Akasema basi anakuja. Sikumweleza sababu. Acha adhani nimelainika.
Alasiri tumejaribu kengele.
Imevuta pumzi kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi umejaa. Binti yangu yuko kushoto kwangu, kavaa shali ya mama yake. Amenishika mkono tangu mlangoni! Meya anahutubia; mimi nimetajwa mara moja, tena jina la kampuni kalikosea. Naandika ili nisisinzie.

Imeanza. Spika zote kwa pamoja. Hewa inaingia, ndefu, haikomi. Meya kanyamaza. Watu wanatabasamu, wanadhani ni sehemu ya sherehe. Kule pembeni Masikio kaninyanyulia waya wa umeme — ameuchomoa. Uso hauna damu.

Nikautoa mkono kwa binti yangu, nikanyanyua vidole viwili, nikavifunga kama mkasi. Ishara yetu ya miaka yote: kata. Masikio akatikisa kichwa. Hana cha kukata.
Binti yangu kavishika vile vidole, kavishusha gotini kwake, hataki kuviachia. Analia, na hashangai hata kidogo.
"Baba, leo mwache aseme."

Nimebaki na mkono mmoja wa kuandikia. Pumzi imefika mwisho, kifua kimejaa. Watu mia mbili, hakuna anayekohoa. Naijua hii. Hapa ndipo nilipokuwa nikimwambia mezani, ngoja kwanza, mama —
Ulimi umegusa meno.