Garanti ya Mashine ya Maji Moto

Jumanne, mwezi wa saba

Basi garanti imekufa, na mimi ndiye nimeiua kwa mdomo wangu.

Fundi wa kampani tulimngoja mpaka tukachoka. Leo amefika, kijana mzuri, nikampa chai na mandazi. Akafungua mashine ya maji moto, akaona bomba nililofunga na mpira wa baiskeli lisivuje. Akauliza, "Nani amefunga hii?"

Ningesema sijui. Lakini mimi tena! "Ni mimi, kijana wangu! Kule Uvira nilifufua malori ambayo wenyewe walishayalilia!"

Akacheka sana, akapiga picha. Kisha akasema mtu akigusa mashine mwenyewe, kampani haitengenezi tena bure. Akamaliza chai yangu, akaenda.

Kulipia fundi hatuwezi, kununua mpya ndiyo kabisa. Baridi hii ya Mount Druitt, huku Australia, haina huruma, na goti la mke wangu bila maji moto linavimba, usiku halali. Sioni njia. Kweli sioni.

Sasa hivi amechemsha maji kwenye sufuria, anachechemea nayo kwenda bafuni. Nikasimama. "Lete nikubebee, Mama Furaha."

"Usiyaguse, Bwana Fundi," akasema. "Ni haya tu yamebaki."