Mama, Hukunidanganya Kuhusu Upepo

Mama,

Shikamoo. Huku kijijini kwetu Ulaya nyanya zimekubali, kaburi lako tumelipalilia, mjukuu wako Neema ameota meno ya mbele. Baiskeli yako bado imening'inia ukutani, sitaki mtu aiguse. Leo nakuandikia nikiwa na kiburi. Usinigombeze, ungekuwepo ungeringa kunizidi.

Pikipiki yangu ya umeme niliyoiunda imetembea! Ile uliyoniuliza kama itanguruma au itanung'unika tu kama friji. Hata kunung'unika hainung'uniki, mbuzi wanaishtukia imeshawafikia.

Kikundi chenu cha akina mama wa nyanya ndicho kilichoiomba, ili mzigo ufike Mikumi kabla wanunuzi hawajaondoka. Mama Shija, aliyekalia kiti chako cha uenyekiti, akaniambia mbele ya wote: "Isipofika kilomita sitini kwa saa na matenga yamejaa, sisi tunabaki na bodaboda zetu. Na utuambie mwendo wake kabla ya kuijaribu, siyo baadaye." Boksi la mota limeandikwa themanini. Ningetaja themanini wangeshangilia, halafu wangenicheka barabarani. Aibu hiyo ingekufikia na wewe huko uliko, maana hapa bado naitwa mtoto wa mwenyekiti.

Basi nikakaa na hesabu. Ungeielewa kabla chai haijapoa. Mota ina nguvu yake, haivuki hapo. Matairi yanakula kidogo, inayobaki yote inapigana na upepo. Na upepo, Mama, una roho mbaya: ukitaka kukimbia mara mbili, kuushinda tu kunadai nguvu mara nane. Nguvu ya mota inapolingana na vile vinavyoizuia, mwendo unagota. Nikapima upana wa pikipiki, mimi juu yake, tenga moja kushoto na jingine kulia, kama bodaboda wanavyofunga. Jibu likaja hamsini na tano. Nikarudia. Hamsini na tano. Nililia, sikufichi. Mota kubwa zaidi sikuwa nayo, na mtu wa kumlilia ndiyo hivyo tena.

Nikainua macho, nikaiona baiskeli yako.

Nikakumbuka asubuhi za kwenda mnadani Kilosa. Upepo ukitujia usoni ulikuwa unasimama, unakaza kanga kiunoni, tenga unalihamishia nyuma kwenye keria, na mimi unanibana katikati ya tenga na mgongo wako. Halafu unainama juu ya usukani. "Kunja mabega, mwanangu, upepo upite." Watu walidhani unaogopa nyanya zisimwagike. Mimi nilidhani ni mazoea tu.

Nikachomelea keria ndefu. Tenga moja nyuma ya jingine, yote mawili nyuma ya mgongo wa dereva, yasizidi mabega. Nikapiga hesabu upya, ikasema sitini na moja. Nikawaambia sitini na moja. Mama Shija akaguna, akasema tangu azaliwe hajaona fundi anayepunguza sifa za mali yake.

Tukaenda kwenye kile kipande kilichonyooka cha barabara ya Mikumi. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo, jani halitikisiki. Nikafungua moto wote, nikakunja mabega. Hamsini ikapita. Hamsini na tano ikapita. Mshale ukagusa sitini na moja, ukarudi sitini, ukatulia hapo hapo kama umefika kwao. Niliporudi Mama Shija alikuwa anapiga vigelegele katikati ya barabara, kanga imemdondoka begani wala hana habari. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Mwenyekiti angeona."

Mama, kuna jambo jingine. Nilikuwa nakuuliza pale nyuma, "Mama, sikuchoshi?" Ukajibu kila mara, "Kinachonichosha ni upepo, siyo wewe. Kaa hapo hapo." Miaka yote nilijua unanibembeleza. Sasa nimeipiga hesabu. Kwenye tambarare, upepo ukiwa wa mbele, aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake hamwongezei karibu chochote. Mlimani nilikuwa mzigo, na ndiyo maana ulikuwa unanishusha nitembee! Lakini kule bondeni ulisema kweli tupu. Na mimi sikuwahi kujua upepo ule una nguvu kiasi gani, mpaka juzi nilipokaa mbele.

Neema akifikia umri wa kupanda nitamweka nyuma yangu. Siku atakayoniuliza kama ananichosha, nitamjibu maneno yako, na hesabu nitamwonyesha. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Mama. Nyoosha mabega sasa. Mbele nimekaa mimi.

Mwanao,
Nyamizi