Majani ya Asumini

Baba yangu kipenzi,

Nimeolewa! Natamani ningekwambia kwa mdomo, niuone uso wako unavyojikaza usicheke. Mume wangu ni Haruni, yule fundi cherehani wa Mji Mkongwe aliyekushonea kanzu yako ya mwisho ya Idi. Ulisema, "Kijana huyu ana mkono mpole." Baba, mkono huo sasa ndio unaonimiminia chai asubuhi, na kila nikimtazama naona kama jua limechomoza chumbani. Usinicheke.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Asumini, ng'ombe wako.

Masika yalikuwa mazuri. Majani uliyoyapanda huku Chukwani yakanipita kichwa, na hapakuwa na wa kuyakata. Mama alipotoka eda akaanza kuzungumza na mchinjaji. "Kiangazi kikija tutamlisha nini Asumini? Mapipa ya kuvundikia majani yako matupu." Unakumbuka tulivyokuwa tukiyajaza? Wewe unakatakata kwa panga, kisha mimi naingia pipani nakanyaga, nimekushika mabega, na wewe huchoki kusema: "Pembeni, mwanangu, kanyaga pembeni. Katikati patajishindilia penyewe. Ukiiacha hewa, yataoza." Nilikuwa nikitoka na miguu ya kijani, Mama ananifukuza nisikanyage mkeka wake.

Harusi ikaangukia wakati ule ule majani yanataka kukatwa kabla hayajawa magumu. Fungate tulikaa hapa nyumbani. Nikamwambia somo wangu, Bi Zuhura, kungwi aliyenifunda, kwamba nnataka kwenda shamba. Baba, nilikoma! "Weye! Hina mbichi miguuni, unataka kuingia pipani? Bibi harusi au mchunga?" Nikalia. Haruni akaniuliza kinachoniliza, nikamweleza yote, na namna ulivyokuwa ukifanya.

Asubuhi nikamwona kupitia dirishani. Kakunja suruali, anakata majani, vidole vyake vya sindano vimejaa michubuko. Akayaacha yanyauke juani kutwa nzima. Kesho yake akayakatakata, akaingia pipani, akawa anarukaruka katikati kama mtoto.

Nikapiga kelele: "Pembeni! Kanyaga pembeni! Katikati patajishindilia penyewe!"

"Naam, mke wangu!"

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. Baba, ilikuwa sauti yako, inatoka kinywani mwangu, na sote wawili tuliisikia. Akajifuta macho kwa kanga. "Haya. Mchinjaji angoje. Lakini yakioza, ng'ombe anakwenda."

Sasa ni kiangazi, ardhi imekauka mpaka inapasuka. Jana tumefungua pipa la kwanza. Nikamng'ang'ania Haruni mkono. Ikatoka ile harufu yetu, uchachu wenye utamu, kama achari ya embe. Ukungu hakuna hata kidogo! Asumini akatumbukiza kichwa chote, akatoka na majani masikioni, na Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tulipokuzika. Jioni akamtumia mchinjaji salamu kwamba asihangaike kuja.

Pumzika, Baba yangu, Mola akupe kivuli na upepo mwanana. Hina imeshanitoka miguuni. Masika yajayo nitaingia pipani mwenyewe, nimshike Haruni mabega. Na nitaanzia pembeni.

Mwanao mwenye miguu ya kijani,
Salma